Karatasi ya Fulskepu kutoka Magunga

Mimi ni mwoga. Nalisema mapema ili nisije nikaonekana shujaa huko mbele. Naogopa mbwa, naogopa radi, naogopa simu inayolia kabla jua halijachomoza. Lakini kuliko hayo yote, tangu nilipokuwa msichana wa shule, naogopa kuulizwa neno la Kiingereza nisilolijua mbele ya watu.

Nilisoma shule ya bweni upande wa Asumbi, Mkuria mmoja katikati ya wasichana wa Kijaluo ambao Kiingereza kiliwatoka kama maji ya bomba. Mimi nilipofungua mdomo walicheka matamshi yangu. Basi nikatafuta silaha. Maktaba ilikuwa na kamusi nzee isiyo na jalada, kurasa zake zimegeuka rangi ya chai ya mkandaa, na hakuna aliyeigusa. Nikaanza kunakili kwenye daftari maneno ambayo hata Waingereza wenyewe wamekwisha kuyasahau. Nilipata "groak", yaani kumkodolea macho mtu anayekula, kimya kimya, ukitumaini atakumegea. Katika bwalo letu kila mtu alifanya hivyo, ila mimi pekee ndiye niliyejua jina lake. Nilipata "fudgel", kujifanya unafanya kazi na hufanyi lolote. Nilipata "quidnunc", mtu wa kuuliza kutwa kucha kuna habari gani, na nikampa jina hilo kiranja wetu wa bweni, naye akadhani nimemsifu.

Wasichana wakaacha kunicheka. Nikagundua kwamba neno gumu ni kama mbwa mkubwa aliyefungwa langoni: si lazima ang'ate, wapita njia watavuka barabara wenyewe. Nilijificha nyuma ya mbwa huyo miaka mingi sana, na kusema kweli nilimpenda.

Siku hizi nina cyber hapa Suna, mjini Migori, chumba kimoja chenye kompyuta mbili, mashine moja ya kuchapa na kutoa kopi, na nyingine ya kulaminisha. Watu huja kujaza fomu za serikali, kuchapa barua za kuomba kazi, kukuza picha za marehemu. Kazi ya kusoma karatasi za watu sikuitangaza popote. Ilijitangaza yenyewe. Mteja mmoja alimwambia mwingine kwamba yule mama Mkuria anajua Kiingereza mpaka kile cha mababu wa Wazungu, na baada ya hapo wakaanza kuja na makaratasi yaliyokunjwa ndani ya mifuko ya nailoni.

Inabidi nieleze jambo hili, maana bila hilo kosa langu halieleweki. Huku kwetu, Migori na Homa Bay, mzee wa zamani akitaka neno la nyumbani lisibishiwe kamwe, alilitia kwenye karatasi kwa Kiingereza, tena si Kiingereza chepesi. Kama alikuwa karani au mwalimu aliyefunzwa misheni, alichagua maneno mazito kuliko yote aliyokuwa nayo. Wanaoandikiwa hawakuhitaji kuelewa. Walihitaji kuogopa. Kwa hiyo masanduku mengi ya mabati yana karatasi ambazo familia imezilinda kwa miaka na miaka, imezikimbiza moto ulipozuka, imezianika mvua ilipovuja, na hakuna mtu hata mmoja nyumbani anayejua zinasema nini. Nimesoma makubaliano ya ng'ombe dume, ya njia ya kwenda mtoni, hata ya mke aliyerudi kwao. Kila niliposoma watu walinitazama kama daktari aliyeshika picha ya eksirei, nami nilijisikia mrefu.

Yule bibi aliingia Jumatano, kabla ya saa sita mchana. Alikuwa amefunga kitambaa cheusi kichwani na viatu vyake vilikuwa na udongo wa mbali, mwekundu kuliko wetu. Alitaka kopi tatu za kibali cha mazishi na picha ya mwanawe ikuzwe. Mwanawe alikuwa amechimba dhahabu miaka mingi upande wetu huu mpaka vumbi likamjaa kifuani, akafia hospitalini, na sasa alikuwa mochari. Ijumaa angesafirishwa kwenda kijijini kwao Magunga, Jumamosi azikwe. Bibi hakuwa na mtoto mwingine. Mama na mwana, basi.

Mimi Kijaluo changu ni cha sokoni, naye Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni pia, kwa hiyo tulielewana vizuri. Nilimwita dani, kama wanavyowaita bibi zao, akafurahi.

Nilipomkabidhi picha hakuondoka. Aliingiza mkono kifuani akatoa karatasi ya fulskepu, ile ndefu ya zamani yenye mistari, imekunjwa mara nne na kushonewa kitambaa kwenye mikunjo ili isikatike.

"Nyathina," akasema, yaani mwanangu, "nisomee hii."

Kisha akanieleza. Mumewe alikufa kijana. Baada ya matanga, kaka mkubwa wa marehemu, ambaye alikuwa karani, aliandika karatasi hii, akampa na kumwambia aitunze kuliko macho yake. Karani naye akafa. Sasa mtoto wa kwanza wa karani, mwalimu aliyestaafu, ndiye mwenye sauti katika boma lile. Alikuwa amesema anataka kugawa shamba na kuuza sehemu, hivyo mwana wa bibi asizikwe pale. Apelekwe makaburi ya mji.

Asiyekuwa wa huku huenda asione uzito wake. Mjaluo kuzikwa makaburi ya mji, na kwao kupo, ni sawa na kutupwa. Tena kaburi ni mpaka ambao hakuna mpima ardhi anayeweza kuung'oa. Ukimzika mwanao mahali, mahali hapo pameshakuwa penu. Mwalimu alijua hivyo, bibi alijua hivyo, na mimi nilijua.

"Inasema shamba ni yangu ama si yangu?" bibi akauliza. "Mtoto yangu atalala wapi?"

Nikakunjua karatasi. Mwandiko ulikuwa mzuri ajabu, herufi zimelala upande mmoja. Mstari wa kwanza nikakutana na "relict". Nililijua: mjane, ila kwa maana ya kale ya kitu kilichobaki baada ya mwenyewe kuondoka. Wajaluo nao humwita mjane mke wa kaburi, kwa hiyo sikushangaa. Nikashuka chini nikakuta "moiety", nalo nililijua, nusu ya kitu kilichogawanywa. Nilikuwa naenda vizuri, natikisa kichwa, natoa sauti ya "mm, mm" kama mjuzi. Halafu nikafika kwenye "usufruct".

Sikulijua. Halikuwamo kwenye daftari langu la shule wala popote kichwani mwangu.

Nyuma ya bibi walikuwapo watu wanne kwenye foleni, mmoja wao mwalimu wa sekondari ambaye hupenda kunitega na maneno. Wote walikuwa wamenyamaza wanasikiliza. Simu yangu ilikuwa mezani, kando ya mkono wangu. Ningeweza kuinua kidole nikatafuta neno lile kabla bibi hajapiga hata chafya moja. Lakini nilirudi kuwa yule msichana wa bwalo, na mkono ukakataa. Nikatazama maneno yaliyolizunguka. Niliona mjane, niliona atakuwa nayo, niliona nusu ya shamba. Ingekuwa nini kingine?

"Karatasi inasema nusu ya shamba ni yako, dani," nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni. "Yako kabisa."

Hilo "kabisa" nililitia mwenyewe. Halikuwa kwenye karatasi, si kwa Kiingereza kipya wala cha kale.

Bibi alishika ukingo wa meza. "Kabisa?"

"Kabisa."

Akacheka, kicheko kidogo cha mtu aliyesahau jinsi ya kucheka, huku machozi yanamtoka. Akaomba nitoe kopi ya karatasi ile. Nikatoa mbili na moja nikabaki nayo, kwa kuwa nina tabia mbaya ya kukusanya maneno ya kale. Mwalimu wa foleni akaniambia, "Wewe ni noma." Nikatabasamu.

Jioni, baada ya kufunga, nilikaa na ile kopi na simu yangu. Nilitafuta neno lile kwa starehe, kama mtu anayejiongezea nyama kwenye sahani. Maana ikatokea: haki ya kutumia mali ya mtu mwingine na kula matunda yake, bila kuiharibu, bila kuiuza, bila kuwa mwenyewe.

Nilisoma mara tatu. Nikaenda kutafuta tovuti nyingine, nikitumaini itasema vinginevyo, ikasema vilevile. Karani alikuwa amempa shemeji yake ruhusa ya kulima na kula mpaka afe. Shamba hakumpa. Na mimi nilikuwa nimempeleka bibi nyumbani kwa mwalimu mstaafu akiwa na silaha ya karatasi, tena nimeiita bunduki.

Hapo ndipo nilipoona pia kwamba kopi yangu ilikatika chini. Fulskepu ni ndefu kuliko kioo cha mashine yangu, na mistari ya mwisho haikuingia. Nikajiambia mwisho wa karatasi huwa ni sahihi na mashahidi tu. Bibi hakuwa na simu. Nilichokuwa nacho ni kibali cha mazishi kilichobaki kwenye kompyuta, chenye jina la kijiji.

Alhamisi sikwenda. Nakiri hivyo bila kujitetea. Nilifungua cyber kama kawaida, nikafuta vumbi kwenye kibodi ambazo hazikuwa na vumbi, nikapanga karatasi zilizopangika. Nani atajua? Bibi atamzika mwanawe, mwalimu atanung'unika, mambo yatapoa. Nilijipa moyo hivyo mpaka saa nne, alipoingia mteja mmoja mwenye duka la majeneza, nikamuuliza kama kwa mzaha: hutokea nini watu wakibishania kaburi siku ya mazishi?

Hakucheka. Alisema aliwahi kuona jeneza likirudishwa kutoka kwenye shimo. Shimo lilikuwa tayari, padri amevaa, ndipo wenye shamba wakaja na mtu anayejua kusoma karatasi. Jeneza likapakiwa tena kwenye pikapu, wanawake wakalifuata kwa miguu hadi barabarani. Lilikaa mochari miezi, kesi ikienda na kurudi. "Yule mama," akasema, "hajawahi kuinua kichwa tena. Hata sokoni anatembea akiangalia chini."

Mchana kutwa niliona jeneza hilo. Niliona picha niliyoikuza mwenyewe ikiwa imefungwa mbele yake. Usiku sikupata usingizi, na nilipopitiwa kidogo niliota natafuta neno kwenye kamusi ambayo kurasa zake zote ni nyeupe.

Ijumaa alfajiri nilifunga mlango kwa kufuli mbili, nikaondoka. Nilipita Rongo nikaja Rodi Kopany, na kutoka huko nikachukua pikipiki. Njia hupita karibu na mbuga ya Ruma, na mwendeshaji aliniambia nisimwombe kusimama kwa haja yoyote, kwa sababu juzi nyati walitoka. Wakati mwingine ningekufa kwa hofu. Siku hiyo nyati niliwaona wadogo. Niliwaza tu nitakachomwambia bibi, na kila sentensi niliyoitunga ilianza na "lakini". Mara mbili nilifungua mdomo kumwambia mwendeshaji ageuze. Mara ya pili akaniuliza, "Umesema, madam?" Nikamwambia aendelee.

Nilifika baada ya chakula cha mchana, nikakuta hema la buluu na viti vya plastiki. Mwili ulikuwa umeshafika. Jeneza lilikuwa chini ya hema na ile picha yangu juu yake, imeanza kujikunja kwa joto. Majembe na sururu vilikuwa vimelala kwenye nyasi, na vijana wamekaa kando yake bila kazi. Hakuna aliyekuwa amechimba.

Mwanamke mmoja aliyekuwa anaosha sufuria alinieleza kilichotokea. Bibi alirudi Jumatano jioni akiwa mtu mwingine. Alhamisi asubuhi alichukua fimbo akaenda kuwatoa ng'ombe wa mwalimu kwenye ile nusu ya shamba, yeye ambaye tangu alipoolewa hakuwahi kuinua sauti mbele ya watoto wa karani. Alimwambia mwalimu mbele ya watu, "Toa ng'ombe yako kwa shamba yangu." Mwalimu alikasirika. Akasema shimo halichimbwi mpaka karatasi isomwe mbele ya kila mtu, na aisome huyohuyo aliyeisoma Migori.

"Sasa tunangoja huyo mama Mkuria," mwanamke akasema. "Wametuma mtu kumleta."

Kabla sijasema neno, bibi aliniona. Aliinuka kutoka kwa wanawake wenzake, akaja mbiombio na mikono imefunguka, akanikumbatia.

"Niliwaambia atakuja!" akalia. "Amekuja mwenyewe kunitetea!"

Nilijaribu kumvuta kando. "Dani, njoo kidogo, kuna jambo," nikamnong'oneza, lakini sauti ya mwanamume ilishaniita kutoka chini ya hema. Alikuwa mwalimu. Nilitarajia mtu wa kutisha. Nilimkuta mzee mwembamba mwenye koti la kaki na kalamu mbili mfukoni, macho yamechoka.

"Karibu, madam," akasema. "Wewe ndiye umesema baba yangu aligawa shamba?"

"Ndiyo, mwalimu. Ni mimi nilisoma."

"Good. Soma tena. Wote wasikie."

Katekista, ambaye ndiye aliyeongoza shughuli, alisimama kando yangu ili atafsiri kwa Kijaluo. Bibi alitoa karatasi kifuani akaniwekea mikononi kwa mikono miwili, kama anayenipa mtoto. Nikasoma "relict", nikaeleza. Nikasoma "moiety", nikaeleza. Katekista akatafsiri, watu wakaitikia. Bibi alikuwa anatikisa kichwa kwa kila neno na uso wake unang'aa.

Kisha nikafika.

Naweza kusema dhamiri ilinisukuma, ila ukweli ni kwamba niliogopa pande zote mbili, na hofu moja ilizidi nyingine kidogo tu. Niliangalia jeneza. "Hapa," nikasema, "ndipo nilipokosea. Jumatano neno hili sikulijua. Niliona aibu kusema sijui. Nikabahatisha."

Katekista alinigeukia. Hakutafsiri.

"Waambie," nikamwomba. "Neno hili maana yake alime na ale maisha yake yote, lakini shamba si lake."

Akawaambia, polepole. Wanawake walitoa sauti moja ya chini. Bibi hakulia wala hakunitukana. Alikaa chini, pale pale alipokuwa amesimama, kwenye udongo, akaanza kupanga mikunjo ya leso yake magotini. Sikuweza kumwangalia.

Mwalimu alisimama. Hakuonekana mwenye furaha, ila alionekana mtu aliyepata nafasi ya kupumua. "Mmesikia wenyewe. Mimi sina ubaya na mtu. Leteni gari, mwili urudi."

Vijana wawili walishaanza kuelekea kwenye pikapu nilipoona chini ya karatasi. Palikuwa na mistari miwili ambayo sikuwahi kuiona, ile iliyokatwa na kioo cha mashine yangu. "Mwalimu," nikasema, "haijaisha."

Nikasoma. Mjane na watoto aliowazaa watakuwa na haki, katika nusu hiyo ya shamba, ya "sepulture". Nikakwama. Neno lilifanana na kitu nilichowahi kusikia kanisani wakati wa Pasaka. Moyo uliniambia ni kuzikwa. Nilitamani liwe kuzikwa kiasi kwamba ulimi ulishainuka kulisema. Lakini moyo huohuo ndio uliotia "kabisa" siku ya Jumatano. Kila mtu aliningoja, na bibi chini pale ameinua uso.

"Neno hili silijui," nikasema.

Kicheko kikapita kwenye viti vya nyuma. "Yawa! Sasa huyu alikuja kufanya nini?" kijana mmoja akauliza. Nilitoa simu, mtandao haukuwapo. Wengine wakajaribu zao, hola. Nilisimama na aibu yangu yote, ile niliyoikimbia tangu bwenini, na hapakuwa na mbwa wa kujificha nyuma yake.

Mwalimu alinyoosha mkono kuelekea nyumba yake. "Leteni kamusi ya baba."

Mkewe aliileta imefungwa kwa gazeti. Mwalimu alivaa miwani, akalamba kidole, na kwanza akatafuta lile neno langu la Jumatano. Alisoma, akanitikisia kichwa: sawa. Kisha akafungua mbele zaidi. Alishusha kidole kwenye ukurasa, polepole, kidole kikasimama. Alisoma kimya. Akasoma tena. Akafunga kitabu, kidole kikiwa bado ndani.

Sijawahi kuogopa kama wakati ule. Kitabu alikuwa nacho yeye peke yake. Angeweza kusema lolote, na sisi sote tungeamini, jinsi watu walivyoniamini mimi. Nilijua ni rahisi kiasi gani. Nilimwona akitazama ule mwandiko wa babake kwenye karatasi mkononi mwangu, akatazama na jeneza.

"Kuzikwa," akasema. Halafu akasema tena kwa Kijaluo, kwa sauti kubwa, mwenyewe bila kumngoja katekista. Akavua miwani. "Baba ameandika watazikwa hapa. Mimi siwezi kufuta mkono ya baba." Akawageukia vijana. "Mnangoja nini? Chukueni jembe."

Watu waliinuka wote kwa pamoja. Nyimbo zikaanza. Mwalimu alipita karibu nami bila kunitazama, kamusi kwapani. Hakunishukuru, na hakuwa na sababu ya kunishukuru.

Nilimkuta bibi palepale chini. Nikapiga magoti mbele yake. "Dani, nisamehe. Nilikudanganya kwa sababu ya aibu."

"Lile neno," akasema. "La kwanza. Sema tena."

"Usufruct."

Alijaribu kulitamka, likamshinda, akaacha. "Kula na si yako."

"Ndiyo, dani."

"Hiyo najua tangu nilipoolewa. Sikujua tu kwamba Mzungu pia anaijua." Alitabasamu kidogo, nami nikaanza kulia. "Mtoto yangu atalala kwao. Ero kamano, asante. Usilie hapa, matanga si yako."

Nikamsaidia kuinuka. Alikuwa mwepesi. Aliposimama alishika mkono wangu, akatazama upande wa shamba, kule ambako jana alikuwa amefukuza ng'ombe.

"Jana niliamka mapema," akasema, "nikazunguka yote kwa miguu. Pole pole, naangalia. Nimelima hapo tangu msichana, sikuwahi kusimama kuiangalia. Siku tatu, nyathina, nimekuwa na shamba." Akauachilia mkono wangu. "Ungeniachia hata mpaka Jumapili."

Kisha akajipangusa udongo kwenye leso, akaenda kuwaonyesha vijana mahali pa kuchimba.